Mchujo na Machicha

Saa kumi na moja alfajiri, Youngstown, Ohio.
Nachuja kahawa kwa karatasi
huku mvua ya Mei ikigonga dirisha,
nawaza: leo tunawamwagia watu wawili maji ya moto
tuone nani atapita
na nani atabaki machicha.

Mimi Verlene Mabry, mwaka wa thelathini na moja huu
najaza fomu za kodi za watu
juu ya meza hii iliyofungwa mguu kwa waya.
Mtaa huu naujua kwa risiti zake:
nani kanunua insulini kwa mkopo,
nani anamficha mumewe kibubu.
Bwana Halloran, aliyechomelea chuma
mpaka kiwanda kikafunga milango,
huniletea karatasi zake ndani ya boksi la viatu
pamoja na keki ya limau,
kama mtu anayekwenda kuhani msiba.

Kwenye friji kuna picha ya Tavion Pruitt,
anayetaka ugavana.
Mjukuu wangu Keyon ndiye aliyeibandika.
"Bibi, ana masikio ya Mjomba Lamar."
Anayo kweli.
Na hunyamaza kidogo kabla ya kujibu,
kama wanaume wa kwetu waliolelewa na mama wakali.

Mama yangu, kule Alabama, aliulizwa
mna punje ngapi za maharage ndani ya chupa
ndipo apewe kalamu ya kujiandikisha.
Akasema mia nne na tatu.
Wakacheka. Hawakuzihesabu.
Basi asinijie mtu kuniambia rangi si hoja.
Rangi ni risiti. Nimeitunza.

Lakini sera yake ya kodi nimeisoma,
kurasa kumi na sita, kalamu nyekundu mkononi.
Ashushe kodi ya mapato,
apandishe ya mauzo senti mbili kwa kila dola.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
kibaba cha nani?
Nikalifungua boksi la Halloran, nikapiga hesabu:
dola mia na themanini na sita zaidi kwa mwaka.
Daktari wangu wa meno ataokoa elfu nne.
Kikulacho ki nguoni mwako.
Nikaitazama ile picha, yale masikio,
nikaona haya
kana kwamba nimempekua mwanangu mifuko akiwa amelala.

Halafu yuko Seneta Corinne Stadler.
Miaka ishirini na sita bungeni. Uzoefu, wanasema.
Hata soli iliyotoboka ina uzoefu.
Aliinua mkono kuipitisha sheria
iliyompa kaka yangu miaka tisa
kwa kitu kinachoenea kwenye kijiko cha chai.
Ameomba radhi mara mbili,
mara moja kwa machozi, mara moja bila.
Nilimwamini ile ya bila.
Na hesabu zake, Mungu anisamehe, zinafunga:
anatoza majengo matupu ya katikati ya mji,
Halloran anamwacha na keki yake.
Zimwi likujualo halikuli likakwisha.
Ndiyo. Ila Lamar
ndiye kipande kilicholiwa.

Usiku kucha nilichora safu.
Dola huku, miaka huku, masikio huku.
Kazi yangu ni kujumlisha, nami nakiri
kuna vitu havina jumla.

Ukumbi wa shule ulinuka mpira na nguo mbichi.
Binti wa mezani aliniuliza chama, akanipa karatasi.
Nilisimama pale muda mrefu
mpaka mtu nyuma yangu akakohoa.
Nikampa Stadler.
Mkono haukutetemeka; ulichelewa tu.

Nyumbani Keyon alikuwa anakula mayai.
"Umempigia?" Akaionyesha friji kwa uma.
Nikamwambia mayai yanapoa.
Picha nimeiacha pale pale.
Picha haitozwi kodi.

Kisha nikachukua yale machicha ya alfajiri,
nikayapeleka uani kwenye mche wa nyanya,
nikayafukia kwa kidole,
taratibu, mvua ikininyeshea.